Angelo Mosso, mtoto wa seremala aliyepima uchovu

Siku hizi katika michezo ya Ulaya na Marekani kuna jambo moja linalozungumziwa sana. Mchezaji anavalishwa kofia ao mkanda kichwani, vipande viwili vya sponji vyenye maji ya chumvi vinagusa ngozi yake, kisha umeme kidogo sana unapitishwa kwa dakika kama 20. Hapasuliwi, hadungwi sindano. Wanasema kama bongo haichoki mbio, hata miguu itaendelea. Wenzetu wa posti ya usiku walipoona habari hiyo kwenye simu, walituuliza kama ni science ao ni uchawi wa Wazungu. Tumeona heri tujibu kwa kusimulia maisha ya mtu aliyefungua njia hiyo zaidi ya miaka 120 iliyopita, maana kazi yake inatuhusu sisi wa mine kuliko hata wachezaji wa mpira. Mtu huyo aliitwa Angelo Mosso.

Alizaliwa Torino, kaskazini ya Italia, tarehe 30/05/1846. Baba yake alikuwa seremala na mama yake mshonaji wa nguo. Wakaishi Chieri, mji mdogo karibu na Torino, na huko mtoto akakulia. Hawakuwa na mali. Alisoma Chieri, Cuneo na Asti, na alipoingia katika masomo ya uganga pale Torino, ilimpasa kufundisha shuleni ili apate franga za kulipia masomo yake mwenyewe. Wengi wetu tunajua maisha ya namna hiyo: mchana unafundisha bana ba wengine, usiku unasoma daftari lako. Mwaka 1870 akapata diplome ya munganga.

Sisi tunafikiri, na si wasomi wanaotuambia hivi, kama nyumba ya seremala ilimsaidia kuliko shule. Maana Mosso katika maisha yake yote alikuwa mtu wa kutengeneza vyombo. Kila swali lililomsumbua, alilitafutia kwanza mbao, chuma, kamba na kapi. Wengine waliandika maneno mazuri juu ya bongo na roho. Yeye alitaka kuona mstari kwenye karatasi.

Walimu wake walikuwa wakubwa wa wakati ule. Torino alimpata Jacob Moleschott, Muholanzi. Firenze akafanya kazi kwa Moritz Schiff. Kisha akaenda Leipzig, Ujerumani, kwa Carl Ludwig, ambaye alikuwa na kile chombo cha silinda yenye karatasi iliyopakwa masizi. Silinda inazunguka polepole, sindano inakwaruza masizi, na mapigo ya moyo ao ya mshipa yanajiandika yenyewe. Mosso alikipenda sana chombo hicho. Paris alionana na Marey, mtu wa kupima mwendo wa watu na wanyama. Mwaka 1879 Moleschott alikuwa amehamia Roma, na Mosso akachukua kiti chake cha ualimu wa fiziolojia pale Torino. Alikuwa na miaka 33. Miaka mitatu nyuma yake, mwaka 1882, alianzisha pamoja na Carlo Emery gazeti la wasomi lililoandikwa kwa Kifaransa, ili kazi za Waitaliano zisomwe na dunia yote. Sisi tunaosoma Kifaransa kila siku kwenye gazeti hili tunaelewa sababu yake.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa juu ya damu inayoingia bongoni. Wakati ule hakukuwa na machini ya kupiga picha ya kichwa. Mosso akatafuta watu ambao ajali ilikuwa imewafungua mfupa wa kichwa, na bongo yao inaonekana ikipiga chini ya ngozi, sawa na utosi wa mtoto mchanga. Mmoja wao alikuwa mkulima ambaye tofali lilimwangukia kichwani. Mosso akaweka juu ya lile tundu chombo chepesi cha kuandika mapigo. Siku moja kengele ya kanisa ikalia saa sita ya mchana, na mapigo ya bongo ya yule mkulima yakapanda kwenye karatasi. Mosso akamuuliza kama kengele ile haikumkumbusha kusali Ave Maria, yakapanda tena. Alipomtolea hesabu ya kuzidisha, vilevile. Lakini mapigo ya mkono hayakubadilika namna hiyo. Basi fikira peke yake inaita damu ije kichwani. Machini kubwa za leo za kuangalia bongo ikifanya kazi, zinafuata damu hiyohiyo.

Akatengeneza pia mizani ya mtu mzima. Meza ndefu ya mbao iliyokaa katikati juu ya ncha ya chuma, mtu analala juu yake, uzito unasawazishwa kabisa. Kisha wanamfanya afikiri ao ashtuke, na upande wa kichwa unashuka kidogo. Watu walicheka, wengine walistaajabu. Mwaka 1884 akatoa kitabu juu ya woga, na kikasomwa na watu wengi ambao hawakuwa wasomi.

Sasa tufike kwenye uchovu, maana njo kilichotufanya tuandike.

Mbele ya Mosso kila mtu alijua kuchoka, lakini hakuna aliyeweza kusema fulani amechoka kiasi gani. Kapita anasema wewe ni mvivu, wewe unasema umechoka, na hakuna wa kuamua. Mosso akatengeneza chombo alichokiita ergografu, maana yake chombo cha kuandika kazi. Mkono wa mtu unafungwa juu ya ubao usitikisike. Kidole cha katikati peke yake kinabaki huru. Kwenye kidole kuna kamba, kamba inapita juu ya kapi, na mwishoni kuna uzito wa kilo mbili ao tatu. Kengele ndogo inapiga kila baada ya sekunde mbili, na kila ikipiga mtu anavuta uzito kwa kukunja kidole. Sindano inaandika kila mvuto unapanda mpaka wapi. Mwanzoni mistari ni mirefu. Polepole inapungua, inapungua, mpaka kidole hakiwezi tena hata kama mwenyewe anataka sana.

Jambo la kwanza aliloona: kila mtu ana mchoro wake. Mmoja anashuka polepole kama mlima mrefu, mwingine anasimama imara halafu anaanguka mara moja. Na mchoro wa mtu unabaki wake, hata akirudi mwaka mwingine. Wasaidizi wake wawili, Maggiora na Aducco, walikuwa na michoro tofauti kabisa, ingawa walifanya kazi katika chumba kimoja. Tunawaomba wale wanaopanga ekipe za kazi wasome tena mstari huu. Watu hawachoki sawasawa, na anayeonekana nguvu saa ya kwanza si lazima awe njo huyo saa ya nane.

Jambo la pili linatupendeza zaidi. Maggiora alipima muda wa kupumzika. Kama kidole kinavuta mara 30 mpaka kinachoka kabisa, kinataka masaa mawili ya kupumzika ili kirudie nguvu yake yote. Sasa, kikivuta nusu tu, mara 15, mtu angefikiri kinataka nusu ya mapumziko, yaani saa moja. Hapana. Kinataka nusu saa tu. Maana yake: ile mivuto 15 ya mwisho, inayofanywa na nyama iliyokwisha choka, inakula mtu mara tatu kuliko 15 ya kwanza. Hii si maneno ya sendika, ni kipimo cha maabara ya Torino. Siku tunapokaa mezani na wakubwa kuzungumzia masaa ya nyongeza, wao wanahesabu saa ya kumi na mbili kama saa ya kwanza, wanazidisha na mshahara, wanafunga daftari. Code du travail ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inasema masaa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Wengi wanaona ni namba iliyotoka hewani. Lakini nyuma ya namba za namna hiyo kuna kidole cha Maggiora.

Walipima pia mtu aliyekosa usingizi usiku mzima, mtu aliyekosa chakula, mtu aliyetembea safari ndefu kwa miguu. Wote, kidole chao kilishindwa mapema, hata yule ambaye miguu yake njo ilichoka na si mkono. Mosso akachukua damu ya mbwa aliyechoka sana akaitia kwa mbwa mwingine aliyepumzika, na yule mwingine akaonyesha dalili za kuchoka. Akafikiri kama uchovu unaacha sumu fulani katika damu, na damu inaipeleka mwili mzima.

Halafu likaja jaribio ambalo linakumbukwa mpaka leo. Maggiora alikuwa mwalimu vilevile. Siku moja alikaa mchana kuhoji wanafunzi wa uganga kwenye mtihani, zaidi ya masaa matatu. Hakubeba kitu, hakutembea, alikaa tu kwenye kiti na kusikiliza majibu. Mbele ya mtihani alikuwa amevuta uzito kwenye ergografu. Nyuma ya mtihani akavuta tena, na nguvu ya kidole ilikuwa imeanguka vibaya. Kazi ya kichwa peke yake ilikuwa imemchosha kidole.

Kwa nini? Mosso alikuwa na njia moja ya kutafuta jibu, ni umeme. Badala ya kumwambia mtu avute, alipitisha umeme kwenye mshipa wa fahamu wa mkono ao kwenye nyama yenyewe, na kidole kikajikunja bila mwenyewe kutaka. Hivi aliweza kutenga vitu viwili: nguvu ya nyama, na nguvu ya kutaka inayotoka bongoni. Akaona kama mtu akichoka kwa kutaka, na hawezi tena hata kidogo, umeme bado unaweza kukivutisha kidole. Basi nyama haikuwa imeisha kabisa. Sehemu fulani ya kuchoka ilikuwa juu, kwenye kichwa. Lakini kwa Maggiora baada ya mtihani, hata umeme ulileta mivuto dogo, na Mosso akasema sumu ya bongo iliyochoka imeshuka mpaka kwenye nyama kwa njia ya damu.

Mambo hayo yote aliyaweka katika kitabu chake juu ya uchovu, kilichotoka mwaka 1891. Humo anatenga mambo mawili ambayo watu wanachanganyaka kila siku: kupungua kwa nguvu, ambako unaweza kupima, na ile hali ya kusikia umechoka, ambayo iko ndani ya mtu. Hii ya pili hakuidharau. Aliiona kama mlinzi aliyewekwa mwilini ili mtu asijiharibu.

Wasomi wa sasa wamerudia jaribio la Maggiora kwa namna yao. Mwaka 2009 Mwitaliano mwingine, Samuele Marcora, aliyekuwa akifanya kazi Bangor, kule Wales, aliwapatia watu 16 kazi ngumu ya kichwa mbele ya kompyuta kwa dakika 90, kisha akawapandisha kwenye baiskeli ya maabara. Siku nyingine watu haohao walitazama tu filimu isiyosumbua kichwa. Siku ya kichwa kilichochoka waliacha kupiga pedali baada ya sekunde 640, siku ile nyingine baada ya sekunde 754. Moyo ulikuwa sawa, pumzi sawa, nyama sawa. Tofauti ni kwamba kazi ileile waliisikia ngumu zaidi tangu mwanzo. Kwa hiyo upande wa jaribio Mosso aliona sawa, lakini ile sumu inayoshuka mpaka kwenye kidole haikuonekana. Kilichobadilika ni uzito wa kazi jinsi bongo inavyousikia.

Njo hapo umeme wa sponji unapoingia. Tangu mwaka 2000 hivi, wakati Nitsche na Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walipoonyesha kama umeme dhaifu unaopita juu ya mfupa wa kichwa unabadilisha wepesi wa bongo kuitika, wengi wamejaribu. Ni milliampere moja ao mbili, kidogo sana; haiwezi kuwasha hata taa ya tochi. Wanaweka sponji juu ya sehemu inayoongoza miguu, ao nyuma ya paji la uso, mahali pa kujizuia na kuvumilia. Mchezaji anasikia kuwashwa kwa ngozi, basi. Majibu? Tusidanganyane. Kuna majaribio ambapo waendesha baiskeli walidumu zaidi, na kuna mengine ambapo hakuna kilichobadilika. Wakati mwingine mtu aliyewekewa kofia bila umeme naye alijisikia vizuri, kwa kuwa aliamini tu. Maduka yalianza kuuza kofia hizo mbele ya wasomi kumaliza kubishana. Na wengine wanauliza kama si dopage.

Sisi tunaona hivi. Kwa mpira wa TP Mazembe ao Lupopo, mchezo unamalizika dakika 90 na mchezaji anarudi kulala. Akijisikia mwepesi kidogo kwa ajili ya umeme, hasara si kubwa. Lakini shoferi wa kamiyo ya tani mingi, saa tisa ya usiku, kwenye barabara ya karyeri inayozunguka shimo? Kwake kuchoka ni taa nyekundu. Tunazika wenzetu ambao taa hiyo iliwaka na hakuna aliyewaruhusu kusimama. Mahali fulani, ambapo hatutapataja, tulipoomba mtu wa pili kwa kila kamiyo ya usiku, tuliletewa kahawa ya bure. Siku wakisikia kuna kofia ya kuzima uchovu, watainunua mbio kuliko walivyonunua kahawa. Mosso mwenyewe alikuwa ameonyesha kama umeme unaweza kuvutisha kidole cha mtu ambaye hawezi tena. Hakusema kama mtu huyo amepumzika.

Na alijua kazi ya mine. Hapa watu wengi wanaosimulia maisha yake wanapita mbio, sisi tutasimama. Katika kitabu chake cha uchovu aliandika juu ya watoto wa Sicilia walioitwa carusi. Sicilia ilikuwa na mine nyingi za kibiriti (soufre), na dunia nzima ilinunua kibiriti chake. Chini, mchimbaji mkubwa anapasua mawe kwa sururu; watoto wanayabeba mgongoni, wanapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, kwenye giza na joto, karibu uchi, mpaka juu. Wanamwaga, wanashuka, wanapanda tena. Wazazi walikuwa wamepewa mkopo na mchimbaji, na mtoto alifanya kazi mpaka deni liishe, na deni halikuisha. Wengi walianza wakiwa na miaka michache sana. Sheria ya Italia ya mwaka 1886 ilikataza mtoto wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi, lakini sheria kwenye karatasi na mtoto kwenye ngazi, hatuna haja ya kuwaelezea ninyi.

Mosso hakuandika kilio tu. Alileta hesabu za jeshi. Kati ya miaka 1881 na 1884, vijana 3 672 wa mine za kibiriti walipitishwa mbele ya waganga wa jeshi. Waliokubaliwa ni 203. Waliorudishwa mpaka mwaka ujao, 1 634. Waliokataliwa kabisa, 1 835. Migongo imepinda, mabega yamepotoka, vifua vimebanwa, urefu haukufika. Serikali ambayo haikuwaona wakipanda ngazi, iliwaona siku ilipohitaji askari. Tunasema wazi: ile namba 203 ilifanya kazi kuliko hotuba nyingi. Sendika isiyo na namba inapiga kelele tu. Na wanaopita leo karibu na karyeri za wa-creuseur, wakaona watoto wanabeba mifuko na kuosha mawe mtoni, wajiulize nani anaandika urefu wao na migongo yao.

Tusimfanye mtakatifu. Hakuwa mtu wa sendika, hakusimama mbele ya wafanyakazi wakati wa mgomo. Alikuwa mwalimu mkubwa, na mwaka 1904 akafanywa senateri wa ufalme. Ergografu yake vilevile ilitumikia mabwana wawili. Baada yake, wengine walipima uchovu ili mtu asiumie, wengine walipima ili wajue mtu anaweza kukamuliwa mpaka wapi. Mwanafunzi wake mmoja, Zaccaria Treves, alikosoa hata chombo chenyewe, akisema kidole kimoja na uzito mmoja si kazi ya kweli ya mfanyakazi. Alisema haki. Hakuna anayefanya kazi kwa kidole kimoja.

Upande wa michezo, Mosso alipigania watoto wa shule watoke nje. Zamani zile shule zilifuata gymnastique ya Kijerumani: kusimama kwenye mstari, amri, vyuma vya kuning'inia, chumba kilichofungwa. Yeye alitaka mbio, mpira, kuogelea, kupanda milima. Aliandika vitabu juu ya hayo, kimoja mwaka 1893 juu ya elimu ya mwili ya vijana. Alisema pia kama shule inachosha bongo za watoto kwa masaa mengi ya kukaa, na si kweli kama gymnastique ngumu baada ya darasa gumu ni mapumziko. Ni uchovu juu ya uchovu.

Milima aliipenda tangu ujana. Mwaka 1894 alipanda Monte Rosa, kwenye mpaka wa Italia na Uswisi, pamoja na ndugu yake Ugolino na kikundi cha askari, wakakaa siku nyingi katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu kabisa, mita zaidi ya 4 500. Nyumba hiyo inaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia, ambaye alipanda mwenyewe mwaka 1893 kuifungua. Wasomaji wa Beni na Butembo watakuwa wamesikia jina hilo: kilele cha juu cha Ruwenzori, mita 5 109, kwenye mpaka wetu na Uganda, kinaitwa Margherita kwa ajili ya malkia yuleyule. Ni duke wa Abruzzi, Mwitaliano, aliyefika pale mwaka 1906 na kukipa jina, kama wenyeji hawakuwa na majina ya milima yao.

Kule juu Mosso alipima pumzi, usingizi, mapigo ya moyo, nguvu ya kuinua uzito. Askari mmoja akaugua mapafu palepale, akatunzwa mpaka akapona. Mosso alitaka kujua kwa nini mtu anaugua mlimani. Akasema ni kwa sababu gesi ya carbonique inapungua katika damu. Paul Bert, Mfaransa, alikuwa ameonyesha tangu 1878 kama sababu kubwa ni oxygène kukosekana, na Bert njo alikuwa na haki. Mosso alishikilia yake mpaka mwisho. Alikuwa na kichwa kigumu, watu wa milima na watu wa mine tunafanana kwa hilo. Hata hivyo alipata pesa za kujenga maabara ya kudumu kwenye Col d'Olen, mlima uleule, iliyofunguliwa mwaka 1907, na wasomi wa nchi mbalimbali wakaenda kufanya kazi humo.

Yeye mwenyewe wakati huo hakuweza tena kupanda. Ugonjwa wa mishipa ya uti wa mgongo ulikuwa umemshika, miguu ikadhoofika, na waganga wakamkataza maabara. Mtu aliyepima uchovu wa wengine akalazimishwa kupumzika, na hakukubali. Akageukia udongo: akaenda Krete, kwenye kisiwa cha Wagiriki, ambako wachimbuzi walikuwa wanafukua majumba ya kale, naye akafukua pamoja nao. Baadaye akachimba kusini ya Italia pia. Mwaka 1907 akatoa kitabu juu ya safari hizo. Tunakipenda kipande hiki cha maisha yake, bila kujua vizuri kwa nini. Labda kwa sababu mwishoni naye alikuwa mchimbaji.

Alikufa Torino tarehe 24/11/1910, na miaka 64. Mwaka huohuo, mwezi wa tatu, Milano palifunguliwa hospitali ya Clinica del Lavoro, chini ya munganga Luigi Devoto, kwa ajili ya magonjwa yanayoletwa na kazi. Mfanyakazi aliingia pale na kuulizwa kwanza, mbele ya yote, anafanya kazi gani na kwa masaa mangapi.